Mikono ya Ukumbini

Kiangazi kikikaribia kwisha, jirani yangu hapa Kabambare, Mama Feza, huanza kuikandika upya nyumba yake, nami hufunga dirisha. Yeye anaamini nina ugonjwa wa kifua. Amekwisha kuniletea majani ya kuchemsha, na safari moja alinishauri kwa huruma ya kweli niende hospitali wanipige picha. Humshukuru, halafu nayamwaga majani yake nyuma ya choo. Kifua changu ni kizima kabisa. Nisichokiweza ni ile harufu: udongo mbichi, majivu, na mafuta ya mawese yaliyoanza kuchacha juani. Ikiingia tu ndani, nakuwa tena mtoto wa miaka sita au saba, nimechuchumaa katika ukumbi wa nyumba kubwa ya Kasongo, nimeshika kibuyu cha udongo mwekundu, na Bibi ananiambia nisitikisike.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kasongo mnazijua nyumba zile za waungwana wa zamani, chache zilizobaki. Kuta nene za udongo, boriti nzito juu, ubaridi ndani hata jua likiwa la kuchoma. Nyumba yetu, au niseme vizuri, nyumba ile, ilikuwa na mlango wa mvule wa mapande mawili, umechongwa maua na mitende. Mafundi walioichonga mitende hiyo walikuwa watu wa huku huku, na nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mtende, kwa sababu yote ilifanana na michikichi. Sisi watoto tulihesabu mikungu yake na kubishana ni upi utakaotoa mawese kwanza.

Ukivuka kizingiti, unaingia moja kwa moja ukumbini. Hapo ndipo mgeni alipopaswa kukaa na kuyashangaa mambo ya nyumba kabla hajaletewa kahawa. Kushoto na kulia kulikuwa na mabaraza ya udongo yaliyosuguliwa kwa mawe mpaka yakang'aa. Juu ya mabaraza hayo, ukuta ulikuwa na vidaka, safu juu ya safu, na ndani ya vidaka kulikuwa na sahani za kaure zenye samaki wa buluu, dele la kahawa, la shaba, lililopoteza mkono, na saa kubwa iliyosimama tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Juu ya mlango wa pili, ule wa kwendea uani, jina la Mungu lilikuwa limefinyangwa kwa udongo mweupe, herufi nene na laini. Taa ya vioo vya rangi ilining'inia katikati, na jioni ilimwaga madoa ya kijani juu ya nyuso za watu. Nilikuwa naona fahari kwa vitu hivyo vyote. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba kwetu kuna samaki wa buluu.

Lakini pambo kuu la ukumbi ule lilikuwa mikono. Ilikuwa desturi ya nyumba: kila mwaka, siku chache kabla ya Maulidi, ukumbi ulikandikwa upya, mikono ya zamani ikizungukwa isifunikwe, na kila mtoto aliyeanza kutembea mwaka ule aliletwa kiganja chake kigandamizwe ukutani wakati udongo ungali mbichi. Shimo la kiganja likikauka, hutiwa rangi, na kila mwaka rangi hiyo hutiwa upya. Baadhi ya mikono ilitiwa nyeupe, kwa pemba, ule udongo mweupe ulioletwa kwa baiskeli kutoka Nyangwe, kando ya Lualaba. Mingine ilitiwa nyekundu, kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mawese. Myeupe ilikaa juu, ikizunguka vidaka. Myekundu ilikaa chini, karibu na mlango, pale watu wanapovulia viatu.

Wangu ulikuwa mwekundu. Wa mama yangu, aliyekuwa akiuza chumvi na samaki huku Kabambare na kuniacha nilelewe na Bibi, ulikuwa mwekundu pia. Na wa Bibi vilevile, mdogo kuliko wangu, umepinda kidole gumba.

Hakuna aliyenieleza maana ya rangi hizo, nami sikuuliza, maana nilikuwa nimekwisha kuitambua mwenyewe. Wafu huvikwa sanda nyeupe. Basi mikono myeupe ilikuwa ya wafu. Ushahidi nilikuwa nao: wenye mikono ile sikuwahi kuwaona hata mara moja. Walikuwa majina tu, wako Kindu, wako Lubumbashi, wako Bujumbura, na kwangu miji hiyo ilikuwa mbali kiasi cha ahera. Sisi wenye mikono myekundu ndio tuliokuwa tukichota maji, tukitwanga muhogo, tukigombana uani. Tulikuwa na damu. Na tuliwekwa chini, nilifikiri, ili tuweze kuifikia mikono yetu wakati wowote tukitaka kuipima imekua kiasi gani.

Siku moja nilimweleza Bibi ujuzi wangu. Alikuwa juu ya kigoda, akiupaka pemba mkono mmoja wa juu kwa manyoya ya kuku.

"Bibi, ile myeupe ni ya watu wamekufa, si ndiyo?"

Aligeuka akanitazama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu. Nimeona miye mwenyewe."

Akacheka. Alicheka mpaka akashuka kigodani, akakaa chini, akajifuta machozi na kujipaka pemba shavuni. "Basi umeona vizuri, mutoto wangu. Ni wafu. Wote wale ni wafu."

"Na sisi tuko wazima?"

"Sisi tuko wazima. Kama tungekuwa wafu, nani angefagia?"

Leo nakikumbuka kicheko kile na kinanichoma. Angeweza kunisahihisha. Maneno machache tu yangetosha. Lakini mtu aliyefanyiwa mzaha na maisha yake yote alipata nafasi ya kufanya mzaha wake mmoja, akaufanya kwangu, na mzaha ule ndio uliotutoa katika nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa Babu Mkubwa, mzee aliyelala chumba cha kwanza baada ya ukumbi, miguu imevimba. Bibi ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyempikia uji, ndiye aliyemgeuza ubavu. Maisha yake yote mzee yule alimwita "wee Zaina", naye Bibi alikula baada yake, kwenye kile kilichobaki. Miezi ile ya mwisho tu, miguu ilipokataa kabisa, alianza kumwita dada. Mimi nilidhani ni adabu ya wagonjwa. Kumbe lilikuwa kweli. Baba wa Babu Mkubwa alizaa na mke wake, na alizaa pia na mwanamke aliyekuwa mtu wa nyumba, yaani kizazi cha wale walionunuliwa zamani wakabaki pale hata biashara ile ilipokwisha. Bibi alikuwa mtoto wa mwanamke huyo. Baba mmoja, matumbo mbalimbali. Watu wazima wote wa mtaa walilijua jambo hilo, na wote walikuwa hodari wa kunyamaza.

Babu Mkubwa alikufa, na wafu wangu wakaja. Niliposikia kwamba Salumu, mtoto wake wa kwanza, ameshuka kwenye pikipiki kutoka Kindu, nilikimbilia jikoni. Mkono wake ulikuwa mweupe, niliujua, uko juu ya kidaka cha dele. Nilichungulia nikaona mtu mnene anafuta vumbi kwenye viatu na kuomba maji ya kunywa. Nilimngojea usiku kucha arudi kaburini. Asubuhi alikula maandazi mengi.

Baada ya siku za kilio, waliitana ukumbini kuzungumza habari za nyumba. Salumu na ndugu zake walikaa juu ya mabaraza. Bibi alikaa chini, mlangoni, penye viatu, nami ubavuni pake. Salumu alikuwa na mnunuzi tayari, mtu wa dhahabu, na alitaka nyumba iwe tupu. Aliyemzuia ni Mwalimu wa msikiti, mzee mwembamba mwenye kikohozi, aliyekuwa kando ya kitanda siku ya mwisho. Mwalimu alisema Babu Mkubwa aliacha neno.

"Alisema: huyu Zaina ni dada yangu, baba yetu ni mumoja. Vile vyumba viwili vya nyuma ni vyake, yeye na wajukuu wake. Nimesikia na masikio yangu."

"Mwalimu, ile ilikuwa homa," Salumu akasema. "Homa inasema kila kitu."

"Alikuwa na akili yake yote."

Salumu hakubisha tena. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na mpaka leo nawaogopa watu wa namna hiyo. Aliangalia kuta taratibu, kama mgeni aliyeambiwa ashangae. "Sawa. Kama iko mutoto wa babu yangu, basi babu yangu alimutia mukono hapa, nyeupe, pamoja na wengine. Nyumba hii haina kitabu ingine. Zaina, mukono yako ni gani? Tuonyeshe tu, na tutaacha vyumba."

Alimwita Zaina hivyo hivyo, jina tupu. Mwanamke aliyembeba mgongoni.

Hapa naomba mnielewe. Hakuna aliyekuwa akiijua mikono yote ile. Haikuandikwa majina. Chini ya kidaka cha saa kulikuwa na mkono mmoja mweupe, mdogo sana, ambao mwenyewe alikufa mchanga na waliomjua walikuwa wamekwisha kuzikwa. Bibi peke yake ndiye aliyejua huu ni wa nani na ule ni wa nani, kwa sababu ndiye aliyeipaka miaka yote. Namkumbuka Mwalimu akikohoa, halafu akainua macho kwenye kidaka cha saa na kuyaacha pale. Bibi naye alitazama huko. Alifumbua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, na sitajua kamwe.

Sikumngoja. Lilikuwa swali rahisi, kama lile la mwalimu wa shule unalolijua wewe peke yako darasani. Niliruka nikapiga kiganja ukutani, chini, karibu na bawaba za mlango.

"Hii hapa! Ya Bibi hii hapa! Na hii ni ya mama, na hii ni yangu. Yote ni nyekundu!" Kisha, kwa kuwa nilitaka kuwa mkarimu kwa maiti, nikamwonyesha Salumu wa kwake. "Yako ni ile ya juu."

Mke wa mmoja wa wale ndugu aliangua kicheko akajiziba mdomo kwa mtandio. Mwalimu alifumba macho. Salumu hakucheka.

"Mutoto amemaliza kesi," akasema.

Nilirudi kwa Bibi nikidhani nimeshinda. Nilikuwa nimeonyesha mbele ya wakubwa wote kwamba sisi tumo ukutani, tena tukiwa hai. Yeye alinivuta akanipakata, akanifuta viganja kwa ncha ya kitenge chake, kidole kimoja kimoja. Watu wananiambia nisijilaumu. Sijilaumu. Nilikuwa mtoto, na niliambiwa uongo na mtu niliyemwamini kuliko wote. Ninaowalaumu wako tele, na orodha inaanza na yeye.

Walituruhusu kukaa mpaka arobaini ipite. Huo ndio uliokuwa wema wao. Na kabla ya siku ya arobaini, kwa kuwa wageni wangekuja kusoma hitima na ukumbi ulikuwa umeanza kubanduka, Salumu alimtuma mkewe kwa Bibi.

"Mama Zaina, utusaidie kidogo ukumbini. Hakuna mwingine anajua."

Siku hiyo alipata "Mama". Nilingoja Bibi akatae. Badala yake alipiga magoti, akaponda udongo, akachuja pemba kwa kitambaa, akapanda kigoda. Alikandika kuta zote nne. Akaupaka mkono wa Salumu mweupe, safi, bila tone kuchuruzika. Akaliosha jina la Mungu. Akashuka chini mlangoni, na hapo nikasimama kumtazama, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kushuku kwamba kuna kitu kuhusu rangi. Chungu cha pemba kilikuwa katika mkono wake wa kushoto, kibuyu cha udongo mwekundu kilikuwa kwangu. Ukumbini hamkuwa na mtu mwingine. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa kibuyu. Akatia nyekundu kwenye wake, kwenye wa mama, kwenye wangu. Alipitisha manyoya ndani ya kile kidole gumba kilichopinda, mara mbili, mpaka kikang'aa.

Tuliondoka kwa pikipiki, mimi katikati, Bibi nyuma, sufuria zimefungwa pembeni, na njia ya Kabambare ilikuwa tope mpaka magotini. Pikipiki ilipozama, Bibi alishuka akaisukuma pamoja na dereva. Mama alitupokea katika nyumba yake ya vyumba viwili, na Bibi akalala upande wa jikoni mpaka alipokufa. Mtu aliyezipamba kuta za wenzake ujana na uzee wake wote hakugusa ukuta wa mama hata mara moja. Nyufa zilikuwa zinapitisha mijusi. Tulipomwomba alijibu kwamba mgongo unamuuma.

Nilipokuwa msichana mkubwa, nimeshajua yote, nilimuuliza. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimuuliza vibaya, kwa hasira, kama mtu anayedai chake.

"Miaka yote ile pemba ilikuwa kwa mukono wako. Ungepaka nyeupe mara moja tu. Nani angejua?"

Aliendelea kuchambua.

"Ile siku ya kunitia mukono, wakubwa waliniambia, baba yangu alikuwa amesafiri Nyangwe," alisema mwishowe. "Muke wake akasema, huyu ni nyekundu. Basi mama yangu akaponda nyekundu. Akanishika hapa." Akajigusa kifundo cha mkono. "Nililia, nikavuta, ndiyo maana kidole kimepinda. Baba alirudi, akaona, akanyamaza. Mama alikufa ule mwaka. Sina kitenge yake, sina kaburi yake, walimuzika pale kwenye shamba ya watu. Niko na ile alama tu, vile alinishika. Ningepaka nyeupe, ningekuwa mutoto wa baba yangu. Na mama yangu angekuwa nani?"

Ningependa kuwaambia kwamba nililia nikamkumbatia. Sikufanya hivyo. Nilimwambia kwamba kwa ajili ya alama ya mkono wa mtu aliyekufa alituacha sisi wazima bila nyumba. Akasema, "Eeh," akapuliza maganda ya maharagwe. Mpaka leo sijaamua kama alilofanya lilikuwa heshima au ujinga, na siku zingine naona lilikuwa yote mawili, na kwamba sisi tuliopokea tabu yake hatukuulizwa.

Mwaka huu nilikwenda Kasongo kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Nilijiapiza nisipite njia ile, nikapita. Mlango wa mvule haupo, kuna mlango wa chuma. Ndani wananunua dhahabu, ndicho wanachokiita kontwari. Mwenyewe ni kijana wa Kivu, mchangamfu, akanikaribisha nijikinge na jua. Mabaraza yamevunjwa. Kwenye vidaka watu wanachaji simu. Jina la Mungu limefunikwa na kalenda. Kuta zote zimepakwa rangi nyeupe ya dukani, na ile mikono myeupe imejazwa, imepotea kabisa, hata nilipotafuta mahali pa Salumu sikupaona. Lakini chini, karibu na mlango, rangi ilikuwa na madoa mekundu, makubwa na madogo, yanatoka taratibu kutoka ndani.

Msije mkaniambia hilo ni jambo zuri. Rafiki yangu wa harusi aliniambia hivyo, machozi yakimlengalenga, na nilikaribia kumtukana. Doa halilali ndani ya nyumba. Bibi angelala.

Kijana aliona ninatazama, akaona haya kama mwenye nyumba chafu. "Mama, unisamehe ile ukuta. Minapaka, minapaka, ile nyekundu inatoka tu. Nilishaita mafundi mingi. Sijue ni nini iko pale ndani."

"Ni mawese," nikamwambia. "Rangi ya duka haishiki juu ya mawese. Pika uji mwepesi wa muhogo, tia majivu, upake mara mbili, uache ukauke kabisa. Halafu ndiyo upake rangi yako. Haitatoka tena."

Alifurahi kweli. Alimwita mtu wa nyuma aje asikie, akanifanya nirudie, majivu kiasi gani, uji mzito namna gani, nami nikarudia kama nilivyofundishwa, nikimwonyesha kwa vidole uji unavyopaswa kuteleza. Kisha akanitazama vizuri zaidi.

"Mama, unajua sana hii nyumba. Mulikuwaka watu ya hapa?"

"Hapana," nikasema. "Tulikuwa tunapaka tu."